Ukuta wa moto

ukuta wa moto nm [u-/zi-], wingi kuta za moto. 1 (ujenzi) ukuta usioshika moto, unaojengwa baina ya nyumba mbili au sehemu mbili za jengo ili moto ukizuka upande mmoja usivuke upande wa pili. 2 (kompyuta) programu au kifaa kinachosimama baina ya mtandao wa ndani na mtandao wa nje, kikipima kila pakiti ya data inayotaka kupita na kuamua ipite au izuiwe. Majina mengine ya maana ya pili: *ngome*, *kinga-mtandao*, mafundi wengi husema *fayawoli*.

Jina na kasoro zake

Anayetaka kuchagua ukuta wa moto kwa ajili ya nyumba yake, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, hana budi kulielewa kwanza jina lenyewe, kwa sababu mara nyingi jina ndilo linalompoteza.

Kiunganishi *-a* hakisemi uhusiano wa maneno mawili ni wa namna gani. Kikombe cha chai ni cha kutilia chai, mlango wa mninga umechongwa kwa mninga, na dawa ya mbu si dawa anayopewa mbu akiugua. *Ukuta wa moto* umo katika kundi moja na *dawa ya mbu* na *mwavuli wa jua*: *-a* hapa inabeba maana ya "dhidi ya". Msikilizaji asiyeelezwa hivyo hudhani ni ukuta uliojengwa kwa ndimi za moto, unaounguza kila kinachousogelea, na picha za matangazo zinazoonyesha matofali yanayowaka humzidishia kosa.

Maana ya ujenzi ndiyo iliyotangulia. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, sheria ya mwaka uliofuata iliwalazimu wenye nyumba wa mji huo kujenga kwa matofali au mawe, zikiwemo kuta zinazotenganisha nyumba zilizoshikana. Mtu aliyewahi kuona moto ukiruka kutoka paa la makuti hadi paa la jirani hahitaji maelezo zaidi. Neno lilihamia kwenye kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1980. Novemba 1988 programu inayojinakili yenyewe, ya aina inayoitwa mnyoo, iliyoandikwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, ilizivamia maelfu ya kompyuta za Marekani katika muda wa saa chache. Kuanzia hapo taasisi nyingi zilitaka kitu cha kutenganisha nyumba na nyumba, na mwaka 1994 William Cheswick na Steven Bellovin walikuwa wameshaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo.

*Ngome* ni neno zuri, na Pemba inayo mifano yake. Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, yapo magofu ya boma la karne ya 15 ambalo mapokeo yanalinasibisha na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume. Na Chake Chake mjini imesalia sehemu ya ngome kongwe, ambayo leo ni makumbusho. Kasoro ya neno hili ni kuwa linavuta fikra kwenye unene wa kuta. Ngome husifiwa kwa unene, na mnunuzi akishaliweka neno hilo kichwani atatafuta kilicho kizito, kikali na cha ghali. Ukuta wa moto wa kompyuta hauna unene wowote. Kazi yake yote ni milango na sheria za nani apite mlango upi.

Milango hiyo, kwa hesabu, ni zaidi ya 65,000 katika kila kompyuta, na kila mmoja una nambari: 443 kwa tovuti zinazosimba mawasiliano, 445 kwa kugawana mafaili baina ya kompyuta za Windows, ambao ndio mlango uliotumiwa na programu ya WannaCry mwezi wa Mei 2017. Tafsiri nyingine huiita *bandari*. Tunashauri *mlango*, kwani *bandari* humfanya msomaji wa Mkoani aone meli.

Na kama ni milango, basi jina lililofaa tangu mwanzo lilikuwa *bawabu*, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako *bab* ni mlango. Hatutaraji kulibadilisha jina lililokwishaenea. Tunalitaja kwa sababu anayefikiria bawabu huuliza maswali mengine kabisa na yule anayefikiria ngome: je, huyu anawajua watu wa nyumba hii? Anamwamsha mwenye nyumba kwa kila anayepita? Umeme ukikatika na kurudi, atarudi kazini mwenyewe?

Hodi

Ukuta wa moto wa kisasa huenda kwa adabu ambayo Waswahili wanaijua. Mgeni hupiga hodi. Asipojibiwa mara ya tatu, hurudi alikotoka. Lakini mtoto aliyetumwa dukani akirudi hasimami nje akapiga hodi kama mgeni, kwa kuwa alitoka humu humu na anasubiriwa. Kompyuta ikifungua ukurasa wa tovuti hutuma ombi nje, na ukuta wa moto huandika kwenye daftari lake nani ametoka na anangojea jibu la nani. Jibu likija, linapita bila ya maswali. Anayekuja bila ya kuitwa hakuti jina lake daftarini, na mlango unabaki umefungwa. Ufundi huu huitwa ukaguzi wa hali ya mawasiliano. Ulipata umaarufu wa kibiashara kuanzia mwaka 1994 kwa bidhaa za kampuni ya Check Point, na leo umo ndani ya karibu kila ruta ndogo inayouzwa madukani.

Hapo ndipo ilipo siri ya ukuta usioghasi. Nyumba ya kawaida haina huduma ya kuwapa watu wa nje: haiendeshi seva, haina tovuti. Kwa hiyo sheria mbili zinaitosha: wanaotoka watoke na warudi, wanaokuja bila kuitwa wasiingie. Kwa sheria hizo hakuna sababu ya mtu kuulizwa swali lolote.

Kughasi

*Kughasi* ni kumsumbua mtu kwa jambo dogo linalorudiarudia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilienea programu za ukuta wa moto ambazo zilimwuliza mwenye kompyuta kila programu ilipotaka kutoka nje. Dirisha lilifunguka katikati ya skrini na kusema kwamba faili lenye jina kama *svchost.exe* linataka kufika kwenye intaneti. Uliruhusu au ulizuie? Mpaka leo zipo zinazofanya hivyo, na baadhi ya wauzaji hulihesabu jambo hilo kuwa ni sifa.

Mchukue mama wa Wete aliyekaa mbele ya kompyuta ya mpakato akitaka kuuona uso wa mwanawe aliyeko Muscat. Dirisha linamwuliza juu ya *svchost.exe*. Atajibu nini? Hawezi kujua, na fundi mwenyewe asingejua kwa kuangalia jina tu, maana programu mbaya nayo inaweza kujipa jina hilo. Atabonyeza *Ruhusu*. Mara ya kwanza kwa hofu, mara ya pili kwa haraka, mara ya kumi bila ya kusoma. Siku swali litakapokuwa la kweli, jibu litakuwa limeshazoeleka kidoleni. Au siku moja atabonyeza *Zuia*, simu ya mwanawe itakatika, na kijana wa nyumbani ataitwa kutengeneza. Kijana ataona njia moja ya haraka, ambayo ni kuuzima ukuta wote. Hakuna atakayekumbuka kuuwasha tena.

Kwa hiyo utulivu haupaswi kuhesabiwa kuwa ni anasa ya wavivu. Kila swali lisilo na jibu humfundisha mwenye nyumba kusema ndiyo, na ukuta uliomfundisha hivyo umeshajibomoa wenyewe.

Historia inalo somo lake hapa. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na ukuta wa moto ndani yake, lakini ulikuja umezimwa. Agosti 2003 mnyoo ulioitwa Blaster uliziingia kompyuta nyingi duniani ambazo kosa lao lilikuwa kuunganishwa na mtandao tu. Wenyewe hawakubonyeza chochote. Agosti 2004 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la pili la mfumo huo, na moja ya mabadiliko yake ni kuwa ukuta sasa ulikuja umewashwa. Ulikuwa mwepesi, haukuwa na mbwembwe, wala haukuwahoji sana watu. Uliwafaa wengi kwa sababu haukuwapa sababu ya kuuzima.

Lakini pasitokee kuchanganya. Bawabu aliyelala naye hasemi kitu. Ukuta unaofaa ni ule usiosema mbele ya watu lakini unaoandika daftarini, ili anayetaka kujua nini kimezuiwa jana usiku apate pa kusoma.

Kuchagua

Nyumba nyingi kisiwani hupata intaneti kwa laini ya simu: ruta ndogo yenye laini ndani yake, au simu ya mkononi inayowagawia wengine. Makampuni ya simu kwa kawaida hayampi kila mteja anwani ya IP iliyo wazi kwa dunia, bali huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 zilitengwa anwani maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Fungua ukurasa wa ruta unaoonyesha hali ya muunganisho na uitazame anwani ya upande wa nje. Ikiwa imo katika safu hiyo, au inaanza na 10, mtu wa mbali hawezi kuugonga mlango wako moja kwa moja. Hiyo ni faraja, lakini usiihesabu kuwa ulinzi, kwa sababu imo mikononi mwa kampuni nayo inaweza kuibadilisha wakati wowote. Tena kampuni ikitoa anwani za IPv6, kila kifaa cha nyumbani huweza kuwa na anwani yake inayofikika kutoka nje. Katika mipangilio ya ruta hakikisha kuwa ukuta umewashwa kwa IPv6 pia.

Basi anza na ruta uliyonayo, kabla ya kununua chochote. Inayofaa huwa imeshawashwa ukuta wake wa ndani. Kazi yako ni kuondoa mianya. Wa kwanza ni nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, ambayo mara nyingi huwa *admin* kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi mno duniani kwa kujaribu orodha ya nywila za kiwandani zipatazo 60 tu. Wa pili ni ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje; izime. Wa tatu ni huduma iitwayo UPnP, ambayo humwezesha kifaa cha ndani kumwambia bawabu afungue mlango wa nje bila ya mwenye nyumba kupata habari. Wachezaji wa michezo ya mtandaoni huipenda. Nyumba isiyo na mchezaji haina haja nayo.

Ukilazimika kununua ruta mpya, uliza jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi: je, mtengenezaji bado anatoa masasisho ya modeli hii? Ruta iliyoachwa na mtengenezaji wake ni bawabu aliyeacha kujifunza nyuso. Anayependa kazi ya mikono anaweza kuchagua modeli inayokubali OpenWrt, mfumo huria unaotolewa tangu mwaka 2004, lakini ahakikishe jina kamili la modeli na toleo lake kabla ya kutoa fedha, maana modeli mbili zenye sura moja huweza kutofautiana ndani.

Wapo wanaoshauri kuchukua kompyuta ya zamani, kuiwekea programu kama pfSense au OPNsense na kuisimamisha mlangoni. Ni ukuta hodari, na kwa ofisi au skuli yenye fundi wake tunaukubali. Kwa nyumba ya Pemba tunaukataa, kwa sababu ya umeme. Umeme wa kisiwa hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, uliozinduliwa mwaka 2010, na kila nyumba hulipa inachotumia. Kompyuta ya zamani inayokula wati 80 usiku na mchana humaliza uniti 57.6 kwa siku 30. Ruta ya wati 10 humaliza uniti 7.2. Tena umeme ukikatika, ruta hurudi kazini yenyewe na sheria zake zote katika dakika mbili tatu, na inaweza kuendeshwa kwa betri ndogo ya volti 12 ikiwa chaja yake ni ya volti hizo. Kompyuta ya zamani huenda ikasimama na swali kwenye skrini ambayo hakuna anayeitazama. Vivyo hivyo programu kubwa za kulipia zinazopakua orodha mpya kila siku: kwa mwenye kifurushi cha kuhesabu, bawabu anayekula chakula cha nyumba nzima naye ni mwenye kughasi.

Ukuta wa ruta hautoki nje ya nyumba. Kompyuta ya mpakato ikichukuliwa hadi hotelini au ofisini, inabaki na ukuta wake yenyewe tu. Katika Windows huja umewashwa. Kazi ni kuuchagua mtandao wa ugenini kuwa *wa umma* pale unapoulizwa. Katika kompyuta za Apple kwa desturi huja umezimwa, na katika Ubuntu umo lakini haukuwashwa. Huko inabidi uuwashe mwenyewe, jambo la dakika moja. Ukishakuwa na huo wa kompyuta na ule wa ruta, hakuna haja ya wa tatu wa kununua.

Limebaki jambo la wageni, nalo kwetu ni zito. Mgeni akiomba nywila ya waifai ni aibu kumnyima, na ukishampa, simu yake imeingia ndani pamoja na chochote ilichobeba. Nyumba za Waswahili zilishalitatua tatizo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa: mgeni hukaribishwa barazani au ukumbini, akakirimiwa ipasavyo, wala hapiti vyumba vya ndani. Ruta nyingi zinao *mtandao wa wageni* wenye jina na nywila yake, unaomfikisha mtu kwenye intaneti bila ya kumfikisha kwenye kompyuta na printa za wenyeji. Uwashe, na huko huko uziweke kamera za usalama na runinga janja, ambazo ni wageni wa kudumu wasioaminika sana. Kati ya yote yaliyotajwa katika makala haya, hili ndilo ambalo watu husahau na ndilo lenye faida kubwa.

Baada ya hapo jaribu mwenyewe. Ikiwa ruta yako ina anwani iliyo wazi kwa dunia, tumia simu yenye laini nyingine na programu ya kukagua milango, uigonge anwani hiyo uone kama kuna mlango unaoitikia. Ligonge lako tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa kuingia katika mfumo wa mtu bila ya ruhusa, na jirani hatafurahi hata kwa kugongewa.

Ukuta wa moto haumzuii uliyemwita mwenyewe. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hupita kwenye laini ya simu bila ya kuugusa, na kirusi kinachokuja kwenye flashi ya rafiki huingia kwa mlango wa uani. Anayeuza ukuta akadai kuwa unatibu na haya, anauza kitu kingine.

Matumizi ya lugha

Ukuta wa moto *huwashwa* na *huzimwa*. *Kujenga* kunafaa maana ya ujenzi peke yake. Kwa kuwa *ukuta wa moto uliowashwa* humtisha msikilizaji mgeni, wengine husema *ukuta unafanya kazi*, nayo ni sahihi. Upatanisho ni wa ukuta, si wa moto: *ukuta wa moto wa ruta umezimwa, uwashe*, *kuta za moto za kompyuta hizi ni nyepesi*. Ukitumia *ngome*, ngeli ni i-/zi-: *ngome ya ruta imezimwa*.

Katika sheria za ukuta tofautisha *kukataa* na *kunyamazia*. Ukuta unaokataa humjibu mgongaji kwamba mlango umefungwa. Unaonyamazia haumjibu kitu, naye hubaki akingoja hata achoke. Vitenzi hivi viwili mara nyingi hutafsiriwa vyote kwa *kuzuia*, na fundi akashindwa kujua achague kipi. Kwa anayegonga kutoka nje, nyamazia. Kwa kifaa cha ndani kilichozuiwa kutoka, kataa, ili programu ipate jibu lake mara moja na mtu aliyekaa mbele yake asikae akitazama duara linalozunguka.